Dada Yangu Alivyogeuzwa Mzimu wa Saa Moja Jioni

Dada yangu alikufa maji miaka ishirini na miwili iliyopita.

Mwezi wa tano mwaka huu nikamwona kwenye televisheni.

Uso ulikuwa wa mwigizaji, hilo najua. Lakini bangili zile za kioo cha kijani zilikuwa zake. Nywele zilizosukwa zikaangushwa bega la kushoto, zake. Na viatu vilivyopangwa vizuri kwenye ngazi ya mfereji, kimoja kamba imekatika na kufungwa kwa uzi mwekundu, hivyo ndivyo vilinifanya niweke sahani chini.

Viatu vile tuliviona watu watatu tu, kabla polisi hawajavichukua. Mimi, mama yangu, na mtu mmoja anaitwa Seshagiri.

Nitafika kwake.

Kwanza mnijue, kwa wageni. Naitwa Ankamma Rao. Nachomelea mageti hapa mjini Tenali, miaka arobaini na sita, shule niliacha darasa la saba. Usiniulize hesabu wala siasa. Niulize filamu za kutisha.

Ukurasa wangu una watu elfu arobaini na kitu. Kila mwaka joto likianza wanasubiri niseme ipi ya kuangalia na ipi ya kuachana nayo. Mwaka huu nilichelewa kuandika, wengi mkanitukana. Haya, nawapa kwa ufupi, halafu nieleze nilikuwa wapi.

Zilitoka nne.

Ya kwanza, familia inahamia kwenye jumba kubwa la zamani, mbwa anabwekea ukuta. Nimeiona mara mia hiyo, mbwa tu ndiye mpya.

Ya pili, mzimu anacheza wimbo dakika nane. Vijana wa mbele wanarusha vipande vya karatasi, wanapiga miluzi. Mzimu gani huyo anapigiwa miluzi?

Ya tatu ilikuwa tamu mpaka dakika kumi za mwisho, akaja daktari mwenye miwani akasema yote yalikuwa ugonjwa wa akili. Nilirusha bajia yangu ya pilipili kwenye kiti cha mbele. Mwenye kiti tukaelewana.

Ya nne ndiyo filamu. Mwanamke yuko jikoni anakata vitunguu, ametugeuzia mgongo. Uso hatuuoni mpaka mwisho. Basi. Nje joto nyuzi arobaini na nne, nusu ya watu wamekuja kufuata kiyoyozi, na mimi natetemeka. Mzimu mzuri hana haraka. Anakaa kwenye kitu unachokijua, anakusubiri umzoee.

Kuhusu televisheni nilikuwa nimeandika mstari mmoja: kuna tamthilia mpya ya mzimu inakuja, inaitwa Yule wa Mferejini, tuipe nafasi.

Tuipe nafasi. Mimi mwenyewe niliandika hivyo.

Jumatatu ya kwanza mke wangu, Rajyam, aliniita sebuleni.

"Bwana, njoo. Njoo haraka, uone hiki kitu."

Nikaja na sahani yangu ya wali. Mama yangu alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake. Ana miaka sabini na moja, na tamthilia za jioni kwake ni kama sala, hakosi hata moja.

Kwenye kioo, msichana anaitwa Sarayu amekufa mferejini na sasa anarudi kuvuta wanaume majini. Kwa nini? Kwa sababu alipokuwa hai alikuwa mke mchafu. Alikuwa na hawara. Aibu ikamzidi, akajitosa.

Hayo ndiyo maneno ambayo wakwe wa dada yangu Ratnam waliyasema siku ya mazishi. Mji mzima ukayameza. Mama akaishi nayo miaka ishirini na miwili, akipita sokoni kichwa chini.

Sasa yamepewa muziki na taa za bluu.

Mama aliendelea kuangalia. Ila mkono wake ulikuwa unashika bangili zake mwenyewe, unazizungusha, unazizungusha.

Majina yakapita mwishoni. Mwandishi: Seshagiri.

Sesha na mimi tulikua mtaa mmoja. Tuliangalia kila filamu ya kutisha iliyofika mji huu, siku ya kwanza, onyesho la kwanza, benchi la mbele. Halafu yeye akaenda jiji la Hyderabad kuandika maneno ya tamthilia, mimi nikabaki na cheche zangu.

Nilimpigia siku ile ile.

"Sesha."

"Ankamma! Kaka yangu! Miaka mingapi hii?"

"Viatu."

"Viatu gani tena?"

"Vya Ratnam. Uzi mwekundu. Umevitoa wapi?"

Akacheka kile kicheko cha watu wa mjini.

"Kaka, hadithi haina mwenyewe. Kila mji wenye mfereji una msichana wake."

"Umemfanya malaya."

"Mzimu mwema nani atamwangalia? We si shabiki? Unajua kazi ilivyo."

"Mama yangu anaangalia."

"Basi mwambie mama abadilishe chaneli."

Kwenye ile sentensi, jamani, kitu kilikaa sawa kifuani kwangu. Kilitulia kabisa, kama bomba lililoingia kwenye kiungo chake.

Nikamwambia, "Sawa, Sesha. Asante." Nikakata.

Kuna kitu lazima mjue kuhusu hizi tamthilia zetu. Hazimalizwi kuandikwa ndipo zirushwe. Zinaandikwa wiki hii, zinapigwa picha juzi, mnaziona leo. Mwandishi yuko mbele yenu siku tatu, nne. Na ofisini kwao kuna watu kazi yao ni kusoma mnachoandika mitandaoni.

Na mimi nilikuwa na kichwa cha Sesha mfukoni. Kila hila anayoijua tuliiona pamoja, tukiwa tumekaa kiwiko kwa kiwiko.

Jumapili nikaandika kwenye ukurasa wangu:

"Jumatano atatokea kijana mwenye pikipiki nyekundu. Ijumaa atampa Sarayu chupa ya manukato, wifi atachungulia dirishani."

Jumatano, pikipiki. Nyekundu.

Ijumaa, manukato. Wifi kachungulia mpaka pua imegusa kioo.

Watu wakawehuka.

"Kaka Ankamma, unalala chumba kimoja na mwandishi?"

"Huyu mzee mganga!"

"Mfukuzeni mwandishi, mwajirini fundi mageti!"

Jumapili ya pili nikamwaga tena wiki nzima. Nikapata vitano kati ya sita. Gazeti la mjini likaniandika. Vijana wakawa wanakuja karakana kupiga picha na mimi na mashine yangu. Watu wakaanza kuangalia tamthilia ile ili kuicheka, wanahesabu nimepatia ngapi.

Jumapili ya tatu nikaandika: "Kijana wa pikipiki atakiri mbele ya wazee kwamba alikuwa hawara wa Sarayu."

Alhamisi kijana akapandishwa ndege kwenda Dubai.

Sitanii. Kipindi kimoja tu, ghafla, begi, ndege, kwaheri. Na mwigizaji mmoja akapewa maneno ambayo hata yeye yalimshangaza: "Lakini yule si alikuwa mtoto wa shangazi yake?"

Nilicheka mpaka nikakohoa.

Mama akageuka. "Umesikia? Wamesema yule kijana alikuwa ndugu yake tu."

"Nimesikia, mama."

"Kwa hiyo hakuwa na mtu."

"Hakuwa na mtu."

Akala sahani nzima siku hiyo, na achari juu. Rajyam akaniangalia, mimi nikamwangalia.

Hapo ndipo nilipofahamu nilichokuwa nacho mkononi. Nikiandika jambo, hawalifanyi. Hawawezi, wataonekana wajinga. Kwa hiyo nikitaka jambo lisiwepo, kazi yangu ni kulitabiri.

Nikaanza kazi.

Nikaandika: "Sarayu atagundulika aliiba mkufu wa mama mkwe." Mkufu ukapatikana kwenye majani ya ng'ombe.

Nikaandika: "Itajulikana alitoa mimba." Akaja daktari wa kike akaapa binti alikuwa hana doa.

Nikaandika: "Itajulikana alijitosa mwenyewe." Mzimu wenyewe ukasimama kwenye ngazi ya mfereji, maji yanachuruzika, ukasema kwa machozi, "Sikujitupa. Nilitupwa."

Kufika wiki ya sita, Sarayu alikuwa msafi kama glasi. Akawa mzimu mzuri kweli, nakiri kama shabiki. Watoto walimwonea huruma. Wanawake waliweka picha yake kwenye simu zao.

Na mji wetu haukuwa mjinga. Wote walijua ni nani huyu.

Asubuhi moja mama mmoja jirani, yule aliyekuwa wa kwanza kusema maneno machafu msibani kwetu, alikuja na yasmini ndani ya jani la mgomba. Akamfunga mama nyweleni kwa mikono yake.

"Dada," akasema, "tulisema mengi."

Mama akajibu, "Mlisema."

Basi. Lakini alitembea sokoni siku hiyo shingo juu. Nilimwona kwa macho yangu, nikiwa juu ya ngazi nafunga geti la mtu.

Hapo ningeacha.

Mtu mwenye akili angeacha. Dada yangu amesafishwa, mama anatembea, nini tena? Lakini mimi nilikuwa bado nasikia ile sentensi. *Mwambie mama abadilishe chaneli.* Naisikia nikikata bomba, naisikia nikipiga mswaki. Sikutaka Sesha arekebishe. Nilitaka aanguke, afukuzwe, arudi Tenali na begi moja apite mbele ya karakana yangu.

Sasa kama ametupwa, lazima kuna aliyemtupa. Tamthilia ilikuwa imebakiza wiki mbili. Sesha alihitaji mkosaji mmoja, mlango mmoja wa kutokea.

Nikaanza kufunga milango.

"Muuaji ni mama mkwe." Ukafungwa huo.

"Muuaji ni wifi." Na huo.

"Mlinzi wa mfereji." "Kuhani wa hekalu." "Mwenye shamba la jirani." Nilikuwa naandika moja kila asubuhi, kabla ya chai, kama mtu anayekunywa dawa.

Tamthilia ikawa inazunguka kama ng'ombe wa kinu cha kukamulia mafuta. Vipindi vitatu mfululizo mzimu ulisimama tu unalia. Watu wakaanza kutukana. Nikasikia chaneli imempa Sesha onyo la mwisho.

Akanipigia. Alhamisi, saa sita mchana, niko karakana.

"Ankamma. Umeshinda, kaka. Nimekubali. Nilikosea kuhusu mama, nakuomba msamaha."

"Mh."

"Kipindi cha mwisho kinapigwa kesho kutwa. Niachie mume."

Nikaizima mashine.

"Mume ndiye muuaji, Ankamma. Nimeshaandika. Anamvunja mkono, anamburuta mpaka ngazini. Nitampa hata sharubu zilezile. Jimbo zima litamwona yule mtu. Si ndicho unachotaka? Niachie huyo mmoja, usimwandike."

Yule mtu, mume wa Ratnam wa kweli, yuko mji wa pili tu hapo. Ameoa tena, amejenga, sasa yumo kwenye kamati ya hekalu na watu wanamwinamia. Hakuna aliyewahi kumuuliza mkono wa dada yangu ulivunjikaje kabla ya maji.

Rajyam alikuwa ameniletea chakula. Alisikia yote, simu yangu ina sauti kubwa.

"Mwache," akaninong'oneza. "Bwana, mwache amseme yule mtu. Ratnam amengoja miaka ishirini na miwili."

"Huyu anataka nimwokoe."

"Acha aokoke! Wewe unampigania nani hapa, Ratnam au hasira zako?"

Nikamgeuzia mgongo. Nikarudi kwenye simu.

"Sesha, unakumbuka ulichoniambia kuhusu chaneli?"

"Nimeshaomba msamaha."

"Kesho asubuhi naandika mume."

Nikasikia anavuta pumzi.

"Kaka, usifanye hivyo. Umenifungia yote. Ukifunga huo unabaki mmoja tu."

"Basi pita huo huo."

"Ankamma, usinilazimishe."

"Pita huo huo, nimesema!"

Nikakata. Nilijisikia mfalme. Nikala chakula chote cha Rajyam, yeye akiwa ameshaondoka bila kuniaga.

Kesho yake nikaandika: "Muuaji ni mume. Mpaka na sharubu nawatajia." Watu elfu sita wakabonyeza kupenda kabla ya saa tatu.

Jumatatu jioni, kipindi cha mwisho. Sebule yetu ilijaa. Jirani wa yasmini yumo, mashangazi wamo, watoto wako sakafuni. Wote wanataka kuona Sesha atatokea wapi. Mimi nimekaa katikati kama bwana harusi.

"Kaka Ankamma, nani sasa?" shangazi mmoja akauliza.

"Hakuna. Amekwisha huyo. Leo mtaona mtu akizama bila maji."

Muziki ukapigwa. Ukafifia.

Stendi ya basi, mchana, jua kali. Sarayu yu hai. Ameshuka na kitambaa amefunga nguo zake. Mkono mmoja ameubeba kama mtoto.

Mbele yake kuna kijana na baiskeli. Mfuko wa shati lake unaonyesha tiketi mbili za sinema.

"Kaka," Sarayu anasema. "Sirudi kule. Nipeleke nyumbani kwa mama."

Kijana anaangalia jua. Anaangalia saa yake.

"Mama ametulia, usimpe presha. Mwanamke anakaa kwa mumewe. Basi lako linarudi sasa hivi, panda hilohilo."

"Kaka, angalia mkono wangu."

"Nitakuja Jumapili niongee nao. Panda, Sarayu. Filamu inaanza saa nane."

Anampandisha. Anamkabidhi kitambaa chake dirishani. Basi linaondoka, na kijana anapanda baiskeli, anakanyaga kwa nguvu, asikose mwanzo.

Halafu mfereji. Halafu viatu.

Mzimu ukageuka, ukatazama moja kwa moja kwenye kamera. Kwa mara ya kwanza tangu tamthilia ianze haukulia.

"Aliyenitupa," ukasema, "ni yule niliyemkimbilia."

Mwisho.

Sisi mashabiki tuna uhodari wetu. Tunashuku mlinzi, tunashuku kuhani, tunashuku mpaka mbwa. Hakuna hata mmoja anayemshuku mtu aliyekaa kwenye kiti anaangalia.

Ilikuwa Mei, mwaka ule wa Ratnam. Filamu kubwa ya msimu, nyumba ya mizimu, siku ya kwanza, onyesho la kwanza. Nilipanga foleni tangu alfajiri. Kila neno la stendi ile lilisemwa. Jumapili niliyomwahidi haikufika, alikutwa majini Ijumaa.

Lakini pale stendi kulikuwa na baiskeli mbili. Ya pili ilikuwa ya Sesha. Yeye tiketi yake alikuwa ameishika mkononi, na ndiye aliyeniambia, "Fanya haraka, tutakosa mwanzo." Kwenye tamthilia yake baiskeli ni moja. Alijifuta mwenyewe, akaniacha mimi. Kwa hilo sitamsamehe, na sijifanyi kwamba nitamsamehe.

Sebuleni hakuna aliyecheka. Watu walidhani sehemu hiyo Sesha ameitunga tu, wakaanza kubishana kama ilikuwa nzuri. Shangazi akasema, "Hilo hukulipata, kaka!" Wakatoka mmoja mmoja.

Mama alibaki kwenye kiti chake. Tangazo la sabuni likawa linaendelea.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa na swali moja. Alilisema kila mwaka siku ya kumbukumbu, mbele ya picha: kwa nini mwanangu hakuja kwangu? Kwa nini hakuja kuniambia? Mimi nilisimama pembeni kila mwaka, nimeshika ubani.

Hakunitazama.

"Alikuja?"

Ningeweza kusema ni tamthilia tu, mama. Midomo ilishafunguka kusema hivyo.

"Alikuja."

Akazungusha bangili zake. Mara moja, mara mbili.

"Alikuwa amekula?"

Sijui. Nilimwambia hivyo, kwamba sijui. Sikumuuliza.

Akanyanyuka akaenda jikoni, na tangu siku hiyo anaongea na mimi mambo ya lazima tu. Chumvi imeisha. Geti linagongwa.

Yule mume bado anainamiwa hekaluni. Ningeweza kumwangusha mbele ya jimbo zima kwa kunyamaza asubuhi moja tu. Sikunyamaza, kwa sababu nilikuwa na mtu mwingine wa kumkomoa.

Sesha hakufukuzwa. Kipindi kile ndicho kilichoangaliwa kuliko vyote. Amepewa tamthilia nyingine, inaanza mvua zikianza.

Mnaniuliza kama nitaitabiri.

Msiniulize. Ninachoweza kuwaambia ni hiki, kwa kila anayelala na kisasi kichwani: kabla hujaanza kumtafuta wa kumlipisha, kaa chini uikumbuke siku yenyewe, saa kwa saa, na wewe ukiwemo. Mimi nilizikumbuka saa za watu wengine wote.